Sura ya Saba: Bafu la Msibani

Siku ya kuzikwa mama yake, Tobias alikuwa mahabusu mjini Tabora. Aliyemweka huko ni Inspekta Imakulata Mihayo. Sasa Inspekta huyohuyo alikuwa njiani kwenda kwenye msiba, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na hati ya kupekua nyumba ya marehemu.

"Afande, si tungesubiri kidogo?" alisema Konstebo Prosperi, macho yake barabarani. "Hata wakishazika."

"Mtendaji wa kijiji amesema kesho wanagawana vitu. Tukichelewa, simu zitapotea."

"Kesho?" Prosperi alicheka bila furaha. "Mimi nimezaliwa Puge, afande. Vitu vya marehemu vinagawanywa wakati wa kumaliza matanga. Hakuna mtu anagawa sufuria za mtu aliyezikwa jana."

"Labda hao wa Itagasa wana desturi yao."

"Labda," alisema Prosperi, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mkulima aliyeandikishwa anauziwa mbolea kwa bei ya ruzuku. Anakwenda kwa wakala, namba ya siri inaingia kwenye simu yake, anamsomea wakala, wakala anapiga picha lebo ya mfuko, mfuko unatoka. Simu ya mkulima isipokuwepo, mfuko hautoki. Lakini katika kijiji cha Itagasa, msimu huu, mbolea ilikuwa imechukuliwa na watu ambao makaburi yao yalikuwa yameshaota nyasi. Wakala wa Itagasa alikuwa Tobias. Imakulata alimuuliza mara nyingi mbolea ya wafu imekwenda wapi, na kila mara Tobias alijibu jibu lilelile.

"Ilikwenda kwa wenyewe."

Imakulata aliona ni jeuri. Alimfungia. Wiki haikuisha, mama yake Tobias, Bi Advera, akaanguka jikoni kwake. Alipelekwa hospitali ya Kitete na hakurudi mzima.

Gari lilikwama pale ambapo barabara inakatana na njia ya zamani ya misafara. Zamani wapagazi walipita hapo na mizigo kichwani. Siku hizi wanapita ng'ombe, na baiskeli zilizobeba mkaa. Udongo ulikuwa mweusi na unavuta kama uji. Imakulata alishuka, akavua viatu, akasukuma pamoja na vijana wawili waliotokea shambani. Gari lilipochomoka, lilimrushia matope mpaka kifuani.

Alipokuwa anajifuta aliangalia mashamba. Mahindi ya Itagasa yalikuwa yameanza vizuri, mashina yake yalikuwa manene, lakini majani yalikuwa ya njano kama yaliyokosa kitu katikati ya safari. Shamba moja tu, lililokuwa upande wa juu, lilikuwa na kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi.

"Lile la nani?" aliuliza.

"La mtendaji, Leodgar," alijibu kijana mmoja. "Anasema ni samadi."

Mwenzake alikohoa, akaanza kukusanya jembe lake haraka.

*

Msiba ulikuwa mkubwa kuliko marehemu. Bi Advera alikuwa mjane wa kawaida, mshonaji wa mikeka, mwanakwaya wa parokia. Lakini uwanjani kulikuwa na turubai mbili. Jikoni sufuria tatu kubwa zilikuwa zimeinjikwa, na nyuma yake vilisimama viroba vya mkaa, vyeupe, vyenye maandishi ya bluu, mkaa wa kutosha kupikia harusi. Makaburini wanaume walikuwa wanapokezana jembe kabla hata aliyelishika hajatoka jasho.

Imakulata alisalimia. Waliitikia kwa heshima, wote, na wote wakaangalia pembeni. Askari anazoea watu kumwangalia pembeni. Kilichomshangaza ni kwamba hata Stela, mke wa Tobias, hawakuwa wanamwangalia. Wanawake walimwekea kigoda, wakamletea chai, wakamfunika khanga mabegani, na kila mmoja akaondoka kabla Stela hajasema asante.

Imakulata alichuchumaa mbele yake.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa," alisema Stela. "Mume wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Ameambiwa?"

"Ameambiwa. Aliomba ruhusa ya kuja kuzika."

"Na nani alikataa?"

Imakulata alifungua mkoba, akaufunga. "Upekuzi ulikuwa haujakamilika."

"Sikuuliza hilo," alisema Stela taratibu. "Nimeuliza nani alikataa."

"Mimi."

Stela aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kuona ndiyo hiyohiyo aliyoisikia.

Leodgar, mtendaji wa kijiji, alifika akiwa na kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye sauti ya upole na shati lililopigwa pasi.

"Afande, karibu. Pole na matope. Ungenipigia ningetafuta hata ng'ombe wakuvute." Akashusha sauti. "Mambo ni kama nilivyokwambia. Simu za marehemu wote zimo humo ndani. Huyu mama na mwanawe walikuwa wanafanya kazi moja. Mungu amrehemu, lakini ukweli ni ukweli."

"Umeziona kwa macho yako?"

"Nimesikia. Kijijini hakuna siri."

Upekuzi haukuchukua muda. Chumba cha Bi Advera kilikuwa na kitanda, picha ya Moyo Mtakatifu na sanduku la bati. Imakulata alifungua sanduku mbele ya Stela na Leodgar. Chini ya vitenge viwili kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko simu ndogo za vitufe, nyingine zimefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta jina. *Vedasto. Raymundi.* Wote marehemu.

"Umeona?" alisema Leodgar.

Stela alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Hizo hazikuwemo."

"Mke wa mtuhumiwa atasemaje?" Leodgar aliuliza kwa huruma.

"Hazikuwemo!" Stela alimgeukia Imakulata. "Juzi, mwili ulipofika kutoka Kitete, niliambiwa nitafute khanga ya kumvisha mama. Nilitoa kila kitu humu. Kila kitu, afande, nikakikung'uta hapa kitandani, kwa sababu ile khanga aliyoitaka ilikuwa chini kabisa. Waulize waliokuwepo."

"Waliokuwepo ni akina nani?"

"Kikundi chote cha kufa na kuzikana. Koleta alikuwepo. Alinisaidia kukunja."

Imakulata aliiangalia mikono ya Leodgar. Ilikuwa inazungusha kofia, inazungusha, kama usukani.

"Nyumba ilikuwa inafungwa?" aliuliza.

"Nyumba ya msiba haifungwi," alisema Stela. "Nani atafunga nyumba ya msiba?"

*

Koleta alikuwa mama mrefu mwenye khanga iliyokazwa kiunoni, mweka hazina wa kikundi. Alimkuta Imakulata mlangoni, akamtazama kuanzia miguuni.

"Afande, ukikaa kwenye mkeka hivyo utatuoteshea mpunga uwanjani. Njoo uoge. Maji yapo ya moto."

"Sina muda, mama."

"Mgeni wa msiba haketi na matope. Hata akiwa amekuja kutufunga."

Wanawake wawili jikoni walicheka, wakajizuia haraka. Imakulata alimfuata. Alikuwa anataka kumuuliza kuhusu sanduku, na nyuma ya nyumba palikuwa pazuri pa kuuliza.

"Juzi ulikuwepo Stela alipofungua sanduku la mama mkwe wake?"

Koleta alichota maji kwenye pipa, akayamimina ndooni taratibu mno. "Nilikuwepo."

"Mlikuwa na nini ndani?"

"Nguo."

"Na simu?"

"Oga kwanza, afande."

Bafu lilikuwa miti minne iliyochimbiwa, imezungushiwa viroba vya mbolea vilivyopasuliwa na kushonwa pamoja kwa uzi wa katani. Kwa nje vilikuwa vyeupe vitupu, vimeoshwa, vimenyooshwa kama shuka. Hakuna kijiji Tabora ambako kiroba cha mbolea kinatupwa. Kinakuwa mkeka, kinakuwa pazia, kinabeba karanga.

"Kazi nzuri," alisema Imakulata. "Mmemshonesha nani?"

"Ni bafu la kikundi. Linatembea, afande. Msiba ukitokea kwa fulani, tunalikunja, tunalibeba, tunalisimika kwake, ili wageni wa kike wasiogee vichakani. Alilishona Bi Advera mwenyewe, kwa shazia yake ya kushonea mikeka. Kila mwenzetu alileta kiroba." Koleta aliitua ndoo. "Leo linasitiri wageni wake."

Imakulata aliingia, akavua, akajimwagia maji. Matope yalishuka meusi kwenye mawe. Alipoinuka kuchukua sabuni, macho yake yalikutana na ukuta.

Bi Advera alikuwa mtu wa usafi. Maandishi ya viroba hakutaka yaonekane uwanjani kwa watu, kwa hiyo aliyageuza ndani. Pande zote nne zilikuwa na maandishi ya kijani, jina la mbolea ya kupandia, na kwenye ukingo wa kila kiroba lebo ilikuwa bado imeshikiliwa na mshono wake wa kiwandani: kipande cha plastiki chenye mraba wa vidoti vyeusi. Ile ile ambayo wakala huipiga picha kabla ya kuuza. Ile ile inayomtaja mnunuzi.

Imakulata alisimama na povu mguuni.

Kisha alinyoosha mkono juu ya ukuta, akavuta mkoba aliokuwa ameutundika kwenye mti, akatoa simu ya kazi. Alipiga picha lebo moja baada ya nyingine, akizunguka bafu polepole kama mtu anayesali njia ya msalaba. Lebo moja, ya kiroba kilichokuwa karibu na mlango, ilikuwa imefutika kwa jua na maji. Simu iliikataa. Alijaribu tena, ikakataa.

Wapelelezi watatu walikuwa wameshafika Itagasa kabla yake, wote wanaume. Hakuna aliyeogea hapa.

"Afande, umelala humo?" Koleta aliita kutoka nje. "Maji yatakuwa yameshapoa."

"Natoka."

Alipotoka, Koleta alimwangalia usoni mara moja, akaangalia simu mkononi mwake, na khanga aliyokuwa amemshikia ikashuka kidogo.

*

Mtandao wa Itagasa unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shule. Prosperi alipanda huko na simu. Alirudi akitembea haraka, halafu akakumbuka yuko msibani, akapunguza mwendo.

"Zimesoma zote isipokuwa moja, afande. Ni walewale. Marehemu watupu."

"Mbolea gani?"

"Ya kupandia. Yote."

"Ya kukuzia?"

Prosperi aliangalia tena. "Hakuna. Lakini kwenye mfumo walichukua zote mbili. Kila marehemu amechukua ya kupandia na ya kukuzia."

Imakulata aligeuka kuangalia mashamba ya njano ng'ambo ya njia. Mashina manene, majani yaliyofifia. Mahindi yaliyopewa mwanzo yakanyimwa katikati. Kisha akaangalia lile la juu.

Alimkuta Koleta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kama aliyekuwa anamsubiri.

"Mume wako alikuwa anaitwa nani, mama?"

"Vedasto."

"Alifariki lini?"

"Mwaka juzi, kabla ya mavuno."

"Msimu huu amechukua mbolea."

"Amechukua," alisema Koleta.

"Nani alimchukulia?"

Koleta alinyoosha khanga magotini. "Mume akifa, namba yake ya mbolea inakufa naye. Shamba halifi. Watoto hawafi. Nilikwenda kwa mtendaji aniandikishe kwa jina langu. Akasema mfumo umefungwa, njoo mwakani. Nikaenda mwakani, akasema hivyohivyo. Sote wajane tulikwenda, akatupigisha foleni, akatuambia hivyohivyo. Halafu siku moja akaja mwenyewe kwenye kikao chetu. Akasema, mama zangu, nyie simu za marehemu mnazo, mnahangaikia nini?"

"Simu mlikuwa nazo kwa nini?"

"Mtu akifa, ndugu walio mbali wanatuma rambirambi kwenye namba yake ileile, ndiyo wanayoijua. Kwa hiyo kikundi kinashika simu mpaka matanga yaishe. Mshikaji ni mimi." Alipangusa vumbi kwenye kinu. "Mtendaji akasema yeye hataandika vifo. Na sisi tutachukua ya kupandia, ya kukuzia tumwachie yeye. Tukakubali."

"Na Tobias?"

"Alikataa! Alitufukuza dukani. Akasema mama zangu, hii ni jela." Koleta alitabasamu, na tabasamu hilo likaharibika. "Bi Advera akaenda akakaa kwenye benchi la duka, mchana kutwa. Hakumwomba. Hakusema neno. Mtu na mama yake. Kesho yake tukapewa."

"Alipokamatwa hamkusema."

"Tulisema tutakuja mjini kusema. Tulikubaliana kabisa. Kila siku tukawa tunasema kesho. Bi Advera alitaka kuja peke yake, sisi ndio tuliomshika. Tulimwambia, mama, utatufungisha sote, mwanao ana elimu, atajitetea." Alifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Ndipo akaanguka. Afande, unaziona zile sufuria? Hakuna msiba hapa kijijini uliowahi kuwa na sufuria tatu."

Imakulata hakuandika kitu. "Simu zilitokaje kwako zikaingia sandukuni?"

"Leodgar alizichukua jana. Alisema anakwenda kuzitupa mtoni."

"Mama, utalisema hilo mbele yake?"

Koleta aliinuka kwenye kinu. Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya kwaya ikijaribu wimbo, ikikosea, ikianza tena.

"Akija Tobias kumzika mama yake," alisema, "nitalisema mbele ya yeyote."

Imakulata alipanda mwenyewe kwenye kichuguu kupiga simu kwa mkuu wake.

"Naomba Tobias aletwe Itagasa, mzee. Sasa hivi. Wanazika saa kumi."

"Si wewe uliyeandika asitoke?"

"Ndiyo mimi."

"Na leo unataka nini?"

"Nataka nilichoandika kifutwe. Nilikosea mtu."

"Hana hatia?"

Imakulata alihamishia simu sikio la pili. "Si yeye aliyeipanga," alisema.

*

Leodgar alikuwa jikoni anawaelekeza wanawake jinsi ya kupanga kuni, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alimwona Imakulata akija na Prosperi, akavaa kofia, akaivua.

"Umemaliza, afande? Nikakutafutie chakula?"

"Huu mkaa umeuleta wewe, mtendaji?"

"Mchango mdogo tu. Nikajisikia vibaya kuja mikono mitupu, na mimi ni kiongozi."

"Ni mkaa mwingi."

"Bi Advera alikuwa kama mama yangu."

Imakulata alichutama kwenye kiroba cha kwanza. Maandishi yake yalikuwa ya bluu: mbolea ya kukuzia. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akafuta vumbi jeusi kwenye ukingo mpaka mraba wa vidoti ukatokea. Akapiga picha. Akahamia kiroba cha pili. Wanawake waliacha kukoroga.

"Hivyo ni viroba tu, afande," alisema Leodgar. "Viko kila mahali."

"Ndiyo. Viko kila mahali."

Prosperi alikwenda kichuguuni. Maharage yalichemka yakamwagikia motoni, na hakuna aliyefunua sufuria. Aliporudi, alisimama sawasawa kama yuko gwaride.

"Kiroba cha kwanza, Vedasto. Cha pili, Raymundi. Vyote ni vya marehemu, afande. Ya kukuzia."

"Mtu anaweza kuokota kiroba njiani," alisema Leodgar.

"Anaweza kuokota kimoja," alisema Imakulata. "Wewe umeokota vya marehemu peke yao. Umeviokota nyumbani kwako ukavijaza mkaa. Mahindi yako yana samadi gani, mtendaji? Ya Itagasa nzima yamekosa mbolea hii, na yako yameipata. Na simu ulizonituma kutafuta, sanduku lile lilikung'utwa juzi mbele ya kikundi kizima, hazikuwemo."

"Ulizichukua kwangu jana, Leodgar," alisema Koleta. Hakupaza sauti. "Ulisema mtoni."

Leodgar aliwageukia wanawake, mmoja baada ya mwingine. Waliangalia chini.

"Mnanigeuka? Sote tumekula! Koleta, hukula wewe? Nyie wote hamkula?"

"Tumekula," alisema Koleta. "Ila aliyelala sero ni Tobias, na aliyekufa ni mama yake. Halafu wewe unamletea mkaa."

"Nilifanya kwa ubinadamu! Nani mwingine aliwafikiria?"

"Hapo sasa hujadanganya," alisema mama mmoja aliyekuwa anapembua mchele. "Kutufikiria ulitufikiria."

Prosperi alimshika Leodgar kiwiko. Kofia ilianguka kwenye vumbi la mkaa. Alitaka kuiokota, akaona imeshakuwa nyeusi, akaiacha.

*

Tobias aliletwa jeneza likiwa tayari uwanjani. Padri alikuwa amerefusha mahubiri mpaka yeye mwenyewe akaishiwa maneno. Imakulata alimfungua pingu kwenye gari, watu wasione, ingawa watu wote walikuwa wanaona.

"Pole, Tobias."

Tobias alisugua vifundo vya mikono. Alikuwa amepungua. Alitembea hadi kwa Stela, akasimama karibu naye, na wale wanaume waliokuwa wakigombea jembe wakarudi nyuma wakampisha. Alikuwa wa kwanza kutupa udongo. Alitupa, akangoja, akatupa tena.

Baada ya mazishi, Imakulata alikwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa amewaambia wanakikundi kwamba bafu ni ushahidi na lazima liondoke. Alitarajia Prosperi alifumue. Lakini alikuta wajane wamesimama mstari, na Koleta ana kisu cha jikoni.

"Wageni wa kesho wataogea wapi?" aliuliza bibi mmoja.

"Vichakani," alisema Koleta. "Kama zamani."

Alikata uzi kwenye kona. Mshono wa Bi Advera ulikuwa mgumu, ulikatika kwa shida. Kiroba cha kwanza kilipoachia, Koleta alikikunja, akampa Imakulata.

"Mfuko huu wangu. Jina la Vedasto."

Akampisha wa nyuma yake. Huyo naye alishika kisu, akakata, akakunja. "Wangu. Raymundi." Hawakulia. Walifanya kama watu wanaoanua nguo kabla ya mvua. Kila mmoja alitaja jina, Prosperi akaandika, viroba vikaongezeka mikononi mwa Imakulata, na miti ikaanza kuonekana.

Mwisho kilibaki kimoja, kile cha karibu na mlango. Hakuna aliyekisogelea. Tobias alikuwa amefika, amesimama na Stela pembeni ya pipa la maji.

Imakulata aliishika lebo yake, akaigeuza ili Prosperi aione.

"Mfuko huu hausomeki," alisema kwa sauti. "Jua limefuta. Hatuwezi kujua ulikuwa wa nani. Mimi naona hauna mwenyewe, ubaki hapa."

Alimwangalia Tobias alipokuwa anasema hivyo. Alimwangalia muda wa kutosha mtu kuelewa. Prosperi alikuwa ameshaanza kufunga daftari.

"Una mwenyewe," alisema Tobias.

"Tobias," alisema Stela.

Alimwomba Koleta kisu. Alikata uzi juu, akakata chini, akifuata tundu kwa tundu pale shazia ya mama yake ilipopita, asipasue kiroba. Kisha akakikunja mara nne.

"Ni wa mama. Aliuchukua kwa jina la baba. Niliupiga picha mimi, nikamkabidhi mimi, na kaburi la baba liko pale." Alimnyooshea Imakulata kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni chakula. "Nilikwambia, afande. Ilikwenda kwa wenyewe."

Imakulata aliweka chini viroba vyote alivyokuwa amevishika, ili naye aweze kupokea kwa mikono miwili.

Nyuma yao miti minne ilibaki mitupu, na katikati yake ndoo, kipande cha sabuni, na mawe yaliyokuwa bado yana matope yake.